Bi Kijani na Bi Samawati

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Julai 1954

Kwa bibi yangu, Bi Ashatu binti Haji, Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo bibi. Na nyingine ya akiba, maana najua hii ya kwanza utasema haikusikika. Mimi mjukuu wako Bwanausi ni mzima, nakula na kulala, ila kifua kimenibana siku mbili hizi kwa vumbi la saruji tunayopakia bandarini. Kimeshaanza kuachia, usiniletee dawa. Mwenye nyumba wangu kapata mtoto wa kike na amempa jina la Mina. Mwambie Bi Mina jirani yako kwamba ana somo yake huku, naye haachi kulia kama yeye asivyoacha kukohoa akitaka kahawa. Nipe habari za huko. Paa la uani limeezekwa? Yule jogoo mkorofi yu hai, au mmeshamla?

Bibi Dija wa Msata, mdogo wako, ananitumia maneno kwa vinywa vya madereva. Kila anayetoka huko ananiuliza, "Dada yake ana nini?" Idd imepita ya pili hujakanyaga kwake, na yeye hawezi kutoka, anamuuguza mumewe. Mimi najibu kuwa u salama. Mwandikie neno, bibi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Miaka yote hii naendesha lori la mtu mwingine. Nimedunduliza, na sasa naweza kununua pikapu yangu mwenyewe. Nitapakia nazi na chumvi Bagamoyo, nishushe Msata, nirudi na mahindi na kuku. Na siku isiyo na mzigo nitatembea nayo mjini kama mtu mwenye kwao. Katika gereji moja ya hapa ziko mbili, zote zimetumika kidogo. Moja ni ya kijani. Iko juu, springi zake nene, tairi pana, injini inanguruma. Lakini kiti chake ni ubao uliovalishwa ngozi, na petroli inainywa kwa pupa. Ya pili ni ya samawati. Iko chini chini, kiti laini, usukani unauzungusha kwa kidole, na ukipita nayo watu wanageuka. Moyo wangu uko kwa ya samawati, akili inanirudisha kwa ya kijani. Mwenye gereji amekubali kuniwekea zote mbili mpaka mvua za vuli zikaribie. Niombee dua, na uniambie unaonaje.

Mjukuu wako mtiifu, akipenda,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
25 Mfungo Pili

Kwa mume wangu Bwanausi.

Marahaba. Ile ya akiba nimeitia kwenye kasha, nitaitumia siku ukinikasirisha. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, kwa sababu sitaki mtu kati ya kalamu yangu na jicho lako. Kama umezisahau, katafute mwalimu akuchape upya. Sisi huku wazima. Paa limeezekwa, lakini fundi kaniachia tundu juu ya jiko, sasa nikipika jua linachungulia kujua kama nimetia chumvi. Jogoo yu hai. Alimdonoa Mina kisigino, na tangu siku hiyo Mina akipita anamwamkia. Harusi mbili zimepita mtaani, nami nimewaimbia maharusi papa hapa barazani pangu. Sauti yangu bado inafika mbali, haihitaji kubebwa.

Dija mwambie aache kunisumbua kwa madereva. Msata kuna vumbi, na mimi nina shughuli.

Ama wewe, mwanamume huna haya! Unaniandikia mimi, mkeo niliyekubeba mgongoni tangu mama yako Fatu alipotutangulia mbele ya haki, uniambie kwamba unataka kuoa na hujui umchukue yupi kati ya wawili. Hawana hata majina? Basi mimi nawapa. Bi Kijani na Bi Samawati. Bi Kijani mrefu, ana nguvu, ana sauti, anakula sana. Bi Samawati mfupi, laini, anawageuza watu shingo. Nakujua wewe, unataka kuoa shingo za watu. Umeuliza walikotoka? Nani alikuwa nao kabla yako, na kwa nini aliwaacha? Asubuhi wanaamka wenyewe au mpaka wasukumwe? Wakibebeshwa mzigo wananung'unika? Hujaniambia hata kimoja, umeniambia rangi.

Na kitu kingine, cha kuuliza tu. Mlango wao wa mbele uko kimo gani kutoka chini? Mtu akitaka kuingia anakanyaga wapi? Nauliza kwa sababu Mina alitaka kujua.

Mkeo mkubwa,
Ashatu


Kariakoo
9 Agosti 1954

Mke wangu mkubwa, shikamoo.

Kesho Idd, na ningekuwa nyumbani nakula pilau yako kama tajiri hangenipa safari ya Ubena. Nimekutumia kanga doti moja na kahawa ya Bi Mina. Kanga ni yako, usimpe mtu ukaniambia imepotea. Kifua kimepona.

Nimefanya ulivyosema. Bi Kijani alikuwa kwa bwana mmoja wa mashamba ya mkonge aliyerudi kwao Ulaya. Bi Samawati alikuwa kwa karani mmoja wa hapa, akapata gari kubwa zaidi akamwacha. Bi Kijani asubuhi lazima apigwe hendeli mara mbili tatu, anatukana kidogo, halafu akishaamka hazimiki mpaka umwombe. Bi Samawati unamgusa tu, kaamka. Niliomba kuwajaribu kwenye mchanga wa Kunduchi. Bi Samawati alikwenda hatua chache, akakaa kitako. Tulimwinua watu sita, na suruali yangu nzuri ikachafuka. Bi Kijani alipita hapo hapo bila hata kugeuza uso.

Na bado, bibi, nilipomrudisha Bi Samawati kupitia barabara ya lami, upepo unaingia dirishani, nikajiona mtu. Basi nipe nafasi.

Kimo ulichouliza: kwa Bi Kijani, sakafu ya mbele inanifika mapajani, nawe unajua mimi si mfupi. Kuna kipande cha chuma cha kukanyagia, mtu anakanyaga, anashika mlango, anajivuta juu. Kwa Bi Samawati unaingia kama unavyokaa kitandani. Bi Mina anauliza ya nini? Kwani ana safari?

Bwanausi


Dunda
20 Mfungo Tatu

Kwa mume wangu.

Marahaba. Kanga nimeipata, nimeivaa, Mina ameiona, ameugua. Nyama ya Idd tuliletewa na watu mpaka tukagawa tena. Fundi Pazi, yule mwashi wa nyumba ya tatu, ameoza binti yake na amekonda kwa furaha.

Nimesoma habari za Kunduchi, nikacheka peke yangu mpaka jogoo akaja kutazama. Lakini mambo ya posa hayaendi kwa maneno ya mwanamume, maana mwanamume akishapenda huona mbele tu. Anatumwa mwanamke mtu mzima, akamtazame mwari kwa macho ya watu wa nyumbani. Kwa hiyo namtuma Mina. Atakuja na lori la Kibwana wiki ijayo. Mpe kahawa, mpe mahali pa kulala, na umwache afanye alichotumwa bila kumuuliza maswali. Mimi mwenyewe ningekuja, ila nani atamlisha jogoo?

Ashatu


Kariakoo
6 Septemba 1954

Bibi yangu, shikamoo.

Mshenga wako alikuja na amerudi. Natumaini amefika salama na amekupa ule unga wa mchele. Mwenye nyumba wangu anakusalimu, na mtoto Mina amepimana ukali na Bi Mina, wametoka sare.

Lazima nikusimulie, maana najua yeye atakupunguzia. Aliruka kutoka kwenye lori la Kibwana kama msichana, bila kungoja mkono wa mtu. Nikampeleka gereji. Akawazunguka wote wawili kimya, buibui kalikusanya mkononi. Akawanusa. Akampiga Bi Kijani kofi la modigadi, pale juu ya tairi, akasikiliza. Akamwambia mwenye gereji awawashe pamoja, asikie nani anakoroma. Mafundi wote waliacha kazi. Akamuuliza mwenye gereji, Mhindi wa watu, "Huyu mrefu, akikasirika anatoa moshi mbele au nyuma?" Mhindi akajibu kwa adabu kwamba nyuma, mama. "Afadhali," akasema, "hautampata mume usoni." Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilifurahi pia, kwa sababu tangu nihamie mjini hakuna mtu aliyewahi kuja huku kwa ajili yangu.

Kisha akataka kuingia ndani yao, na hapo akanishangaza. Mtu aliyeruka kutoka kwenye lori, safari hii aliukaza mguu wa kulia ukawa kama mchi, goti halikunji, akajaribu kupanda hivyo hivyo. Kwa Bi Samawati alikaa kwanza, akajigeuza, akaivuta miguu ndani. Akatabasamu. Kwa Bi Kijani alijaribu mara tatu. Mara ya mwisho alininyima hata mkono wangu, akarudi chini jasho linamtoka. Nikamuuliza, "Bi Mina, mguu una nini?" Akanijibu, "Wangu hauna kitu. Mimi sikutumwa na mguu wangu." Usiku, anakunywa kahawa, akasema neno moja tu: "Mchukue yule mfupi, mwanangu. Usiniulize."

Bibi, sikumuuliza. Lakini sasa mimi ndiye niliyekwama kuliko Bi Samawati kule mchangani. Barabara ya Msata naijua. Vuli ikianza, Bi Samawati hatafika hata nusu ya njia, atakaa kitako mchana kutwa na mzigo wangu mgongoni. Anayefika Msata hapandiki, na anayepandika hafiki Msata.

U mzima, bibi? Niambie kweli.

Bwanausi


Kariakoo
11 Oktoba 1954

Shikamoo bibi.

Mwezi umepita sijapata jibu lako. Nimewauliza wanaotoka Bagamoyo, wanasema wamekuona barazani umekaa, unatukana watu vizuri. Nikashukuru Mungu.

Nilikuwa na Kibwana juzi, lori lake limekatika springi na tulikaa pamoja kuingoja nyingine. Tulizungumza mengi, na mengine yalikuwa ya mwaka jana. Hayana haja ya kuandikwa.

Nina swali la kazi. Nikianza kupakia nazi hapo kwetu, nitaegesha mbele ya nyumba, na nataka kujua magunia yatapita vipi. Kutoka njiani mpaka juu, baraza letu lina kimo gani? Lipime vizuri, bibi, usikisie. Mwenye gereji ananihimiza, mawingu yameanza kukusanyika.

Bwanausi


Dunda
22 Mfungo Tano

Kwa Bwanausi.

Marahaba. Mimi mzima. Sikukuandikia kwa sababu wino uliniishia, kisha ulipopatikana maneno yakawa yameniishia. Mina ana wazimu, alikuwa na wazimu tangu tukiwa wanawali, na makosa ni yangu kumtuma. Nimemnunia siku nyingi. Jana alileta mkate wa ufuta, nikamsamehe nusu.

Mchukue Bi Kijani. Nasema bila utani. Gari ni la kazi, na kazi yako iko kwenye tope la Msata, haiko kwenye shingo za watu. Usimnunulie gari mtu asiye na safari. Mimi sina safari. Nina baraza, nina jogoo, na anayenitaka anajua ninapokaa.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini nitakuwa nimekudanganya. Mume wa Dija amefariki, wiki mbili sasa. Watu wa mtaa walikwenda mazikoni kwa lori, wakaja kunigongea tuondoke pamoja, nikasema nina homa. Sikuwa na homa. Sasa mdogo wangu yuko ndani ya eda, hawezi kutoka mpaka miezi itimie, na mimi wa kumfuata niko hapa mlangoni natazama njia. Tulizaliwa wawili. Alipofiwa na mwanawe wa kwanza mimi ndiye niliyemlaza kifuani. Safari hii kalala kifuani kwa nani, sijui. Inaniuma, Bwanausi. Inaniuma kuliko kitu kingine chochote nisichokuambia.

Baraza lako nimelipima. Nimekaa ukingoni nikateremsha mkono mwenyewe. Dhiraa moja, kiwiko hata ncha ya kidole, na shibiri moja. Magunia yako yatapita.

Ashatu


Kariakoo
30 Oktoba 1954

Mke wangu mkubwa, shikamoo, na pole, na pole tena. Mwenyezi Mungu amrehemu babu wa Msata. Alinipa mua wa kwanza niliowahi kuula peke yangu bila kumegewa.

Nimeoa. Nimemchukua Bi Kijani. Jana niliagana na Bi Samawati, nikampangusa vumbi kwenye kioo, na nakiri kwamba nilitazama nyuma. Leo namfunga Bi Kijani turubai jipya, na kiti cha mbele nimekitia godoro la sufi, maana ule ubao haumfai mtu mwenye heshima zake.

Sasa sikiliza, na safari hii mimi ndiye ninayesema na wewe ndiye usiyeuliza. Ijumaa, watu wakitoka kusali, nitakuwa mbele ya nyumba. Usishuke ngazi. Usije njiani. Toka mlangoni mpaka ukingoni mwa baraza, sakafu ni moja, hakuna pa kupanda wala pa kushuka. Uwe umevaa buibui na kibweta chako kiko tayari, na jogoo umwachie Bi Mina, wameshaheshimiana. Nitaegesha ubavu wa kushoto ukutani, mlango ufunguke juu ya baraza. Nimempima Bi Kijani mwenyewe, kutoka chini mpaka sakafu ya mlango wake wa mbele. Dhiraa moja na shibiri moja, haikuzidi, haikupungua. Utaingia kama unavyotoka ukumbini kuingia chumbani.

Tunakwenda Msata kumpa Bibi Dija mkono. Habari ya mguu wa mtu yeyote mimi sijaisikia, wala sitaki kuisikia.

Bwanausi


Dunda
28 Mfungo Sita

Kwa mume wangu Bwanausi, taa ya nyumba yangu.

Marahaba, tena marahaba, na ile ya kwenye kasha nimeitoa nimekuitikia nayo. Sote wazima. Tangu uliponirudisha sijanyamaza, Mina amechoka, anasema afadhali nilipokuwa namnunia. Jogoo kanenepa. Pazi huja kuniamkia kila asubuhi, na sababu yake nitakuambia.

Najua ulikuwepo. Lakini Ijumaa ile ulikuwa chini umepiga magoti kwenye tairi, hukuona nilichokiona mimi niliyekuwa juu. Kwa hiyo nakusimulia harusi yako.

Uliegesha vizuri, ukuta hata hukuugusa. Mlango ukafunguka juu ya baraza kama ulivyoahidi. Nikasogea na kibweta changu, nikatazama, sakafu ya Bi Kijani iko juu yangu karibu shibiri nzima. Hapo hapo nikajua. Nilikupimia kwa mkono wangu mimi, ajuza niliyebaki kipande, na wewe ukapima kwa mkono wako mrefu kama wa babu yako. Shibiri moja si kitu kwa mtu mwenye goti. Kwangu ilikuwa ukuta. Na mtaa umejaa, watu wametoka msikitini na kanzu zao nyeupe, wamesimama wote wanatazama.

Sasa nitakuambia lile ambalo Kibwana alikuambia, nawe ukanisitiri kwa kutoliandika. Mguu huu umekauka goti mwaka wa pili huu. Idd ya mwaka jana nilikwenda sokoni nipande lori kwenda kwa Dija. Mataniboi wawili wakanishika makwapani, wa tatu akanisukuma kwa nyuma, "Haya bibi, hop!" Nikaangukia juu ya magunia ya chumvi, buibui likapanda, na watu wakacheka. Hawakuwa wabaya. Wamenijua maisha yangu yote, nimewaimbia harusi zao. Lakini walicheka, na mimi nikaomba nishushwe, nikarudi nyumbani, nikasema Msata kuna vumbi. Watu wale wale ndio waliokuwa wamesimama mtaani Ijumaa. Niliwatambua mmoja mmoja, nikataka kurudi ndani nikafunge mlango, na wallahi ningefunga.

Mina akaja mbio na kigoda. Nikamwambia, na kigoda nacho si cha kupandwa? Wewe hukuja kunishika. Nilikuwa naogopa sana utakuja kunishika. Ulishuka upande wako, ukazunguka, ukapiga magoti mchangani na suruali yako nzuri, nikasikia tssss. Ukamtoa pumzi tairi la mbele. Tssss, na la nyuma. Bi Kijani akaanza kuinama upande wangu, polepole. Mina akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Tazameni! Mke mdogo anamwamkia mke mkubwa!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na safari hii nilianza mimi.

Lakini bado haikutosha, zilibaki kama vidole vinne. Ukainuka, ukajipangusa, ukawageukia wale waungwana wa kanzu. "Jamani, naomba mpande huku nyuma, mkae wote ubavu wa kushoto." Pazi akawa wa kwanza. Akafuata mnadi samaki, na yule mwalimu wa chuo cha Kurani, na wengine, wazee kwa vijana, wanavutana, wanashikana viuno, kila mmoja anakunja kanzu yake asiikanyage, mmoja kandambili imemponyoka. Wakajipanga kushoto wamebanana. Springi zikalia. Na sakafu ya Bi Kijani ikaja ikatulia mbele ya mguu wangu, sawasawa na baraza.

Nikatia mguu mbaya kwanza. Ukateleza wenyewe ndani, haukuinuka hata unywele. Nikakaa juu ya godoro lako la sufi, nikageuka nyuma kwenye kile kioo kidogo, nikawaona. Wamepakiwa kama magunia ya chumvi. Nilitaka kuwaambia hivyo, kisha nikaona nyuso zao, hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitazama. Walikuwa wanatazama mbele, mbali, kama watu walioko safuni wakisali. Nililia kidogo chini ya buibui, na wewe ulipokuwa unajaza pumzi kwa ile pampu ya mkono, unahema juani, nililia tena, ndiyo maana nilikuambia ni vumbi.

Ya Msata unayajua. Uliponipatia ule ukingo wa barabara nyuma ya nyumba, ulio sawa na sakafu ya gari, nikashuka kwa miguu yangu, Dija alisikia sauti yangu kabla hajaniona. Hakusema karibu. Alisema, "Umechelewa." Nikamwambia, "Nimechelewa." Tukakaa chini, akalala hapa kifuani, na chai ikapoa. Mpaka maulidi yanasomwa kwa jirani sisi tulikuwa bado tunagombana ni nani kati yetu alivunja mtungi wa mama.

Sasa habari ya Pazi. Nimemwambia ainue ukingo wa baraza, na kutoka mlangoni aulainishe mwinuko kidogo kidogo hata mguu usijue kama unapanda. Sitaki gari la mume wangu lipige magoti kila nikitaka kumwona mdogo wangu, na wale waungwana nao wana shughuli zao. Wakaaji wa barazani wameshaanza kunung'unika, wanasema miguu yao itaning'inia kama ya watoto. Nimewaambia waende kwenye baraza la mtu mwingine.

Mawe yameletwa, chokaa imelowekwa. Jana Pazi akaja na bakora yake ya kupimia, akaniuliza, "Bibi, nipandishe kwa dhiraa ya nani, yako au ya Bwanausi?" Nikamwambia asiguse hata jiwe moja mpaka Ijumaa. Njoo, mume wangu, uje na mkono wako.

Mkeo mkubwa,
Ashatu